Sheria ya Ukimya na Sheria ya Damu: Uasi wa Lestat katika Riwaya za Anne Rice

Utangulizi

Mhusika anayeishi zaidi ya karne mbili humpa mtunzi wa riwaya fursa adimu na tatizo kubwa kwa wakati mmoja. Fursa ni kwamba maisha ya mtu mmoja yaweza kubeba historia ya zama kadhaa bila msimulizi kubadilishwa. Tatizo ni kwamba asiyekufa hana tamati, na asiye na tamati ni vigumu kumhukumu. Lestat de Lioncourt, mhusika mashuhuri kuliko wote aliobuni mwandishi wa Kimarekani Anne Rice (1941-2021), ni mfano bora wa fursa hiyo na wa tatizo hilo. Alijitokeza kwanza mwaka 1976 katika Interview with the Vampire akiwa mhusika katili anayesimuliwa na mwingine. Katika The Vampire Lestat (1985) akautwaa usimulizi mwenyewe, na sauti yake ikatawala sehemu kubwa ya mfululizo uliofungwa na Blood Communion mwaka 2018.

Sifa anayopewa mara nyingi na wasomaji ni kwamba yeye ni mwasi. Sifa hiyo haikosi msingi, lakini imekubaliwa kwa wepesi kupita kiasi. Kuasi ni kuasi kitu. Kwa hiyo swali la mhakiki haliwezi kuishia kwenye kama Lestat aliasi, bali lazima lifike kwenye alichokiasi na alichokiacha kikiwa kizima. Makala hii inashikilia kuwa ulimwengu wa riwaya hizi unatawaliwa na sheria mbili. Ya kwanza ni sheria ya ukimya, inayomkataza vampaya kujidhihirisha na kusimulia habari zake. Ya pili ni sheria ya damu, inayoamua nani anywe na nani anywewe. Lestat anaivunja ya kwanza mara kwa mara kwa ushujaa usiopingika. Ya pili haigusi. Aidha, kuvunjwa kwa sheria ya kwanza ndiko kunakoifunika ya pili machoni pa msomaji.

Istilahi na mazingira yake

Neno vampaya limetumiwa hapa kwa sababu maneno mengine yaliyopo katika Kiswahili yana mzigo wake wa kihistoria. Mumiani, kwa mfano, lilitaja kwanza dawa nyeusi mfano wa lami, kisha imani ikaenea kuwa dawa hiyo hutengenezwa kwa damu ya watu, na hatimaye neno likamtaja anayeitafuta damu hiyo. Katika enzi ya ukoloni uvumi wa namna hii ulienea Afrika Mashariki na Kati, na katika miji kama Nairobi uliwahusu wazimamoto. Mwanahistoria Luise White aliukusanya na kuuchambua katika Speaking with Vampires (2000), akapendekeza kuwa usibezwe kama ushirikina bali usomwe kama ushahidi wa jinsi watu walivyoielewa kazi, tiba na mamlaka ya kikoloni.

Mambo mawili katika uvumi huo yanafaa kukumbukwa. Kwanza, mnyonyaji wa damu katika masimulizi hayo hana wasifu. Hana utoto, hana mapenzi wala majuto. Ana ajira, sare na gari. Pili, anayesimulia ni yule anayeweza kunyonywa. Kitenzi chenyewe cha kunyonya kimebeba hukumu hii hadi katika lugha ya siasa: wakati wa Ujamaa nchini Tanzania, mnyonyaji, kupe na mirija yalikuwa maneno ya kumshtaki aishiye kwa jasho la wenzake. Msomaji wa Kiswahili, basi, anapomkabili Lestat anakutana na jambo geni: mnyonyaji mwenye tawasifu.

Kutoka Ruthven hadi Lestat

Ugeni huo hauko katika Kiswahili tu. Hata katika fasihi ya Ulaya vampaya alichelewa kupata nafsi ya kwanza. Lord Ruthven, katika hadithi ya John Polidori ya mwaka 1819, anatazamwa kwa nje na kijana anayevutwa naye hadi kuangamia. Katika Carmilla ya Sheridan Le Fanu (1871-72) msimulizi ni Laura, msichana aliyenyonywa. Dracula ya Bram Stoker (1897) imejengwa kwa shajara, barua na kumbukumbu za wanaomwinda mtemi huyo. Yeye mwenyewe, ukiacha barua chache zilizonukuliwa na wengine, hana shajara yake. Anajadiliwa katika kila ukurasa lakini hapewi nafasi ya kujieleza.

Mabadiliko yalifika katika miaka ya 1970. Fred Saberhagen alimpa Dracula nafasi ya kujitetea katika The Dracula Tape (1975), na mwaka uliofuata Rice akamweka Louis chumbani San Francisco mbele ya kijana mwenye kinasa sauti. Uhakiki mwingi umeyapokea mabadiliko haya kama ukombozi: aliyekuwa jinamizi amekuwa mtu, na Mwingine aliyekandamizwa amepata sauti. Tafsiri hiyo ina ukweli, lakini inasahau upande wa pili wa mizani. Kabla ya hapo kalamu ilikuwa mikononi mwa walionyonywa na waliowalinda. Ilipomfikia mnyonyaji, haikutoka hewani. Ilitoka kwa Laura. Faida ya sauti moja ilikuwa hasara ya nyingine, na hesabu hii haijafanywa kwa ukamilifu.

Mwana wa marquis na kiu ya kusimulia

Kwa mujibu wa tawasifu yake, Lestat alizaliwa mwaka 1760 katika eneo la Auvergne nchini Ufaransa, mwana wa saba wa marquis maskini aliyepofuka. Nasaba ilikuwapo, mali haikuwapo. Mambo mawili ya utotoni yanafafanua maisha yake yote. Alipopelekwa kusoma kwa watawa akataka kubaki huko, familia yake ilimrudisha nyumbani. Alipotoroka na kundi la waigizaji wa Kiitalia, alikamatwa na kurudishwa tena. Kijana huyu, basi, alinyimwa kitabu na jukwaa, yaani nyenzo mbili za kujieleza. Hata ushujaa wake wa kuwaua mbwa mwitu wanane peke yake theluji ikiwa imetanda haumletei furaha. Unamtupa katika hofu ya kifo na ya ukimya unaokifuata.

Gabrielle, mama yake, ndiye anayemwezesha kwenda Paris pamoja na rafiki yake Nicolas, mpigaji fidla. Huko Lestat anapata jukwaa, na jukwaani ndiko anakoonwa na Magnus, vampaya mkongwe anayemteka, kumgeuza bila idhini yake, kisha kujitupa motoni na kumwachia hazina na upweke. Tukio hili ni kiini cha maadili ya mfululizo mzima. Lestat anaingia katika uzima wa milele akiwa mtu aliyedhulumiwa. Hakuomba, alikataa, na kukataa kwake hakukusikilizwa. Msomaji anamhurumia kwa haki, na huruma hiyo inakuwa mtaji ambao msimulizi atautumia kwa kurasa maelfu.

Uasi wake wa kwanza ni wa kweli. Chini ya makaburi ya Les Innocents anakutana na kundi linaloongozwa na Armand, vampaya wanaovaa matambara, wanaoogopa makanisa na wanaoamini kuwa wao ni watumishi wa Shetani. Wana sheria zao, na miongoni mwake ni marufuku ya kujidhihirisha kwa binadamu na kumwacha hai, pamoja na marufuku ya kuiandika historia yao. Lestat na Gabrielle wanaingia Notre-Dame na radi haiwapigi. Kwa kitendo hicho kimoja itikadi ya karne nyingi inaporomoka, na kutoka katika magofu yake inachipuka Théâtre des Vampires, ukumbi ambamo vampaya wanaigiza kuwa binadamu wanaoigiza kuwa vampaya. Kinaya hiki ni miongoni mwa mafanikio makubwa ya Rice. Ukweli unasemwa hadharani na hakuna anayeusadiki, kwa kuwa umevaa vazi la sanaa.

Tangu hapo kila hatua ya Lestat ni mgogoro na ukimya. Marius, mlinzi wa Akasha na Enkil walio chimbuko la vampaya wote tangu Misri ya kale, anamfichulia siri hiyo kwa sharti kwamba asimwambie yeyote. Ukimya huu unaeleza kwa nini Louis katika riwaya ya kwanza anamwona Lestat kuwa mjinga asiye na majibu: majibu alikuwa nayo, lakini alikuwa amefungwa na ahadi. Rice alifanya hapa jambo ambalo waandishi wengi wa mfululizo hawathubutu. Hakuifuta riwaya yake ya kwanza wala hakuiacha ilivyo. Aliigeuza kuwa ushahidi wa upande mmoja katika kesi yenye mashahidi wawili wasioaminika.

Pointe du Lac: wasomaji wasio na majina

Ni katika kesi hiyo ndipo pengo kubwa linapojitokeza. Mwaka 1791 Lestat anamgeuza Louis, mmiliki wa Pointe du Lac, shamba la nili lililo karibu na New Orleans, katika Louisiana iliyokuwa wakati huo chini ya Hispania. Shamba hilo linaendeshwa na watumwa wa asili ya Kiafrika. Louis na Lestat watabishana kwa karne mbili kuhusu jambo moja: ni nani kati yao aliyemtendea mwenzake ubaya. Louis atasema Lestat alitaka mali na nyumba. Lestat atasema alitaka mapenzi. Katika ubishi huo wote watumwa ni mandhari.

Hata hivyo, riwaya yenyewe imehifadhi kumbukumbu muhimu. Watumwa wa Pointe du Lac ndio wanaotambua mapema kuwa mabwana zao si watu wa kawaida. Wanaona kwamba hawaonekani mchana, kwamba chakula hakiliwi, kwamba vifo vinaongezeka. Wanaziunganisha dalili, wanaambizana, na hatimaye wanachukua hatua, hadi Louis anaitia moto nyumba yake na wawili hao kukimbia. Kwa lugha ya uhakiki, hawa ndio wasomaji sahihi wa kwanza wa Lestat. Walikisoma kile ambacho wapandaji wa kizungu wa jirani hawakukiona, na walikisoma kwa sababu ileile iliyowafanya wakazi wa Nairobi ya kikoloni kulitazama gari la zimamoto kwa hofu. Aliyezoea kunyonywa jasho hahitaji kufundishwa dalili za unyonyaji wa damu.

Pamoja na hayo, wasomaji hao takribani wote hawana majina, na maarifa yao yanatufikia kupitia kinywa cha mmiliki wao, ambaye kwake ni tishio la usalama. Mwaka uleule wa 1791, mwezi Agosti, watumwa wa Saint-Domingue walianza maasi yaliyoizaa Haiti huru mwaka 1804. Huo ndio uasi uliotikisa ulimwengu wa Karibi na Louisiana katika miaka hiyo, nao ulikuwa uasi dhidi ya sheria ya damu kwa maana yake ya ndani kabisa. Lestat, mwasi wa riwaya, yuko upande wa nyumba kubwa.

Si ajabu kwamba tamthilia ya televisheni iliyoanza mwaka 2022 iliona umuhimu wa kulishughulikia pengo hili. Humo Louis, aliyeigizwa na Jacob Anderson, ni mtu mweusi wa New Orleans ya miaka ya 1910, na mahojiano yanafanyika Dubai. Uamuzi huo unaleta swali la rangi na mamlaka ndani ya mapenzi ya wawili hao. Lakini unalitatua nusu tu: unampa mwenye ngozi nyeusi nafasi ya mnyonyaji anayesimulia, walionyonywa bado wanangoja zamu yao.

Mwanamuziki, hakimu na mtawala

Baada ya Claudia, mtoto waliyemgeuza, kujaribu kumuua, na baada ya miaka mingi ya udhaifu, Lestat anajizika ardhini mwaka 1929 na kuamka mwaka 1984 kwa mlio wa muziki wa roki. Anakuta Louis amekwisha kusema na kitabu kimechapishwa. Jibu lake ni tawasifu, nyimbo na tamasha la San Francisco ambapo anatangaza hadharani yeye ni nani. Sheria ya ukimya imevunjwa kabisa. Matokeo yake yanaonekana katika The Queen of the Damned (1988): Akasha anaamka, anawateketeza vampaya wengi, na kuanza mpango wa kuwaua karibu wanaume wote duniani kwa madai ya kuleta amani.

Akasha ni kioo ambacho Lestat hapendi kujitazama. Kwa muda mrefu amejiwekea kanuni ya kunywa damu ya wahalifu, na kanuni hiyo ndiyo inayomruhusu msomaji kumpenda bila kusutwa na dhamiri. Lakini ni nani anayethibitisha uhalifu wa anayekufa? Ni yule anayemnywa. Mshtaki, hakimu, mtekelezaji na mwandishi wa kumbukumbu za kesi ni mtu mmoja. Akasha anaichukua mantiki hiyohiyo na kuipanua: anahukumu jinsia nzima. Lestat anauona ubaya wa mpango huo na hatimaye anaukataa, lakini baada ya kushiriki mauaji yake. Anaukataa ukubwa wa hukumu. Haki ya kuhukumu haikatai.

The Tale of the Body Thief (1992) inaelekea kuwa riwaya yenye ukweli mchungu kuliko zote kuhusu jambo hili. Lestat anabadilishana mwili na tapeli, Raglan James, ili aonje ubinadamu. Anakutana na baridi, njaa na homa ya mapafu, na anagundua kuwa ubinadamu alioulilia hautamani tena. Anapoupata mwili wake, anamgeuza rafiki yake David Talbot, aliyekwisha kukataa waziwazi na mara nyingi. Hapa duara linakamilika. Mateka wa Magnus amekuwa Magnus. Dhuluma iliyompa haki ya kusikilizwa ameirudia kwa mtu aliyempenda, na kwa mara moja msimulizi hajisafishi. Rice anastahili sifa kwa kutomlinda mhusika wake hapa. Ni pale tu anapomlinda kupita kiasi ndipo riwaya hizi zinapopwaya.

Katika Memnoch the Devil (1995) anayejisifu kwa kutotumikia mtu anapitishwa mbinguni na kuzimu, anakataa kuwa msaidizi wa Shetani, anakimbia na kitambaa cha Veronica, kisha anapokea ujumbe wa kumshukuru kwa kazi aliyoitimiza. Kusimulia kwake, silaha ya uasi wake wote, kumekuwa chombo cha mwingine. Fundisho hilo lingeweza kuwa tamati ya haki. Mfululizo, hata hivyo, uliendelea, na kuanzia Prince Lestat (2014) mhusika huyu anakuwa mkuu wa kabila lote la vampaya, mwenye baraza na sheria. Makao yake ni kasri la baba yake huko Auvergne, lililojengwa upya.

Jambo hili halijapewa uzito unaostahili. Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789 yaliifuta familia ya Lestat. Ndugu zake waliuawa na wakulima, akanusurika baba. Lestat mwenyewe alikuwa akielekea New Orleans. Mapinduzi makubwa ya zama zake yalimpita pembeni, na miaka zaidi ya mia mbili baadaye anayatengua kwa mkono wake: kasri linasimama, mtawala anaketi, watumishi wanahudumu. Kijana aliyetoroka ukabaila ameurejesha, safari hii ukiwa na mapazia mazuri zaidi na bila kifo cha kuukatiza. Kiswahili kinatofautisha mkaidi, mwasi na mwanamapinduzi. Mkaidi hukataa amri kwa kuwa yeye ndiye aliyeamriwa. Mwasi huikataa mamlaka iliyoitoa. Mwanamapinduzi huubadilisha utaratibu unaoizaa mamlaka hiyo. Lestat ni mkaidi wa kudumu, mwasi wa vipindi, na mwanamapinduzi hajawa hata siku moja.

Hitimisho

Hukumu hii haimpunguzii Rice uzito wake. Kinyume chake, inadhihirisha kuwa riwaya pendwa, ambayo mara nyingi imekuwa ikiwekwa pembeni katika mihadhara ya fasihi, inaweza kubeba suala zito la ujumi na maadili: je, uzuri wa usimulizi unaweza kumfutia msimulizi deni lake? Riwaya hizi zinashawishi kuwa unaweza. Sauti ya Lestat ina ucheshi, huzuni na ukarimu kiasi kwamba msomaji hujikuta akimtakia mema kabla ya kuuliza ni nani aliyekufa usiku ule.

Ni hapa ambapo uvumi wa mumiani na wazimamoto unakuwa zaidi ya jambo la kulinganisha tu. Masimulizi hayo yalitungwa na watu wasiokuwa na wachapishaji, wala wasiovutiwa na nafsi ya mnyonyaji. Hawakutaka kujua alizaliwa wapi wala nani alimdhulumu utotoni. Walitaka kujua gari linapita saa ngapi. Kwa kipimo cha riwaya huo ni ufinyu. Kwa kipimo cha haki ni uhakiki wa kiwango cha juu. Watumwa wa Pointe du Lac walikuwa na uhakiki huohuo, na riwaya ya 1976 iliwapa kurasa chache kabla ya moto kuwaka. Lestat aliivunja sheria ya ukimya kwa ajili yake mwenyewe. Kwao haijavunjwa bado, na mtunzi atakayeivunja atakuwa na mengi ya kuandika.